Nadhiri ya Chumvi

Kota, 20 Juni 2004

Mama mpendwa,
Shikamoo, naigusa miguu yako kwa mbali. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Huku kwenye maandalizi ya mtihani wa udaktari wameniweka Kundi A, la wanaoongoza kwa alama! Ukutani nimebandika "Daktari Kumudini Jha". Mwenzangu wa chumbani ananitania: "Daktari, hebu nipime homa." Nasoma mpaka nasahau kula, Mama, na wala sichoki.
Binti yako, Kumud

Darbhanga, 11 Julai

Mwanangu,
Salamu nyingi. Sisi wazima, ila magoti ya baba yako na mvua hizi! Soko zima linajua uko Kundi A. Nami sikukuacha peke yako: nimeweka nadhiri mbele ya sanamu ya mungu wetu, Bibi Durga, sionji chumvi mpaka ufaulu. Baba yako ananung'unikia dengu, maana napika bila kuonja. Mvumilivu hula mbivu, soma.
Mama yako

Kota, 26 Septemba

Mama,
Shikamoo. Baba anaendeleaje na magoti? Nimeshushwa Kundi C. Huku kila baada ya mtihani wanatupanga upya, majina yanabandikwa mlangoni. Ukurasa nausoma na kuurudia, hakibaki kitu kichwani. Zamani nikiuwaza udaktari napata nguvu. Sasa nikiuwaza naiona sahani yako isiyo na chumvi, na kitabu kinanishinda. Kula chumvi, Mama, nakuomba.
Kumud

Darbhanga, 9 Oktoba

Kumud,
Salamu. Nadhiri haivunjwi, usirudie maneno hayo. Umelegea tu. Kunywa maziwa kwa lozi. Ili upate ari nimeongeza nyingine: na viatu nimevua, natembea peku mpaka ufaulu. Usingizi ukikujia, ikumbuke miguu yangu.
Mama yako

Darbhanga, 30 Novemba

Mwanangu,
Hujambo? Sikukuu ya Diwali imepita bila barua yako. Umenikasirikia? Andika hata mstari mmoja.
Mama

Kota, 8 Januari 2005

Mama,
Shikamoo. Barua zako zilifika, kalamu ndiyo iliyonishinda. Niko kundi la mwisho, mwalimu hata majina yetu hayajui. Mwenzangu wa chumbani kahamishiwa ghorofa ya Kundi A, na siku zinapita sijasema na mtu. Asubuhi navaa, nabeba mkoba, nakwenda kukaa stesheni kuzitazama treni za kwetu zikiondoka. Si uvivu, Mama. Najilazimisha kutaka, lakini sitaki tena chochote, hata chai. Najiogopa. Niruhusu nirudi nyumbani.
Kumud

Kota, 14 Januari

Kumud,
Nipo chini, getini kwenu. Mlinzi anasema wazazi hawapandi juu, nimemwomba akuletee karatasi hii. Sijambo, miguu imevimba kidogo tu. Baba yako alininunulia ndala stesheni nikavaa, na viazi vya chumvi nimekula ndani ya treni mbele za watu. Bibi Durga akikasirika, na anikasirikie mimi. Kosa ni langu, nilidhani nakusukuma kumbe nakulemea. Sikuja kukuuliza alama. Vitabu viache huko huko. Shuka, mwanangu, nikuone.
Mama