Mbavu za Nguruwe na Mgeni wa Chebunyo

Jumamosi, mwezi wa kumi. Chepseon. Asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, sasa hivi baridi ya kuvaa soksi mbili.

Shajara, kaa vizuri. Leo nina majivuno na sitayaficha.

Nilianza siku vibaya. Anko Mbugua, mwenye kibanda cha nguruwe choma hapa sokoni, ameshindwa na goti. Hawezi tena kusimama kwenye moto. Mimi nimekuwa nikimkatia kachumbari na kusonga ugali tangu nimalize shule, na nilipomwambia aniachie jiko, alicheka mpaka akakohoa. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita maitu, yaani mama, lakini heshima hiyo huishia kwenye jina. "Maitu, moto ya kuchoma ni ya wanaume," aliniambia. "Mwanamke akichoma, watu watakula wapi?"

Nikamwuliza kwani nyama huivishwa na nini, ndevu?

Hapo akakasirika kidogo, kisha akanipa siku moja. Leo. Wateja wakiondoka na malalamiko, Jumatatu kibanda kinachukuliwa na bwana mmoja anayeuza simu na vifuniko vyake. Wakiondoka wameshiba na kusifu, jiko ni langu. Yeye angekuja jioni kusikia hukumu.

Kumbuka pia ni wiki ya bonasi ya majani chai. Mtu akipata bonasi hulipa karo, hununua mbolea, halafu hutafuta nyama. Kwa hiyo siku yangu ya mtihani ilikuwa siku yenye watu wengi kuliko zote. Na yule bwana wa simu naye alikuja mapema, akaketi kwenye kona na utepe wake wa kupimia. Alikuwa anapima ukuta wangu huku akisubiri chakula changu!

Kabla ya saa saba aliingia Kibet, mteja wetu wa siku zote. Shamba lake linapakana na msitu, na nguruwe mwitu humfanyia kazi ya kuvuna viazi kabla yake. Kuwagusa haruhusiwi, watu wa wanyamapori watamfunga. Kwa hiyo huja kwetu. "Mimi nakula huyu wa nyumbani kwa niaba ya ndugu yake," husema hivyo kila mara, na kila mara hucheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Leo alikuja na shemeji yake kutoka Chebunyo, Mzee Arap Langat, mtu wa mbuzi tangu azaliwe. Mzee hakuwa ameonja nguruwe maishani mwake. Alitazama mbavu zangu kwenye wavu kama mtu anayetazama nyoka aliyevaa tai.

Wakaanza kubishana, na kibanda kizima kikaingia. Mzee akasema kwao kuna ngiri, na ngiri ana adabu, kwani hupiga magoti kabla ya kula. "Hii yenu inaomba?" Kibet akajibu kwamba hii huombewa na wanaoila. Mwingine akasema mjini Kericho wanachemsha nyama kwanza halafu wanaipitisha motoni kidogo, na hao ni wakora tu. Mzee akakubali kwa nguvu. Nyama ni chumvi na moto, alisema, basi.

Nilikuwa nacheka huku nakata vitunguu. Kucheka kulinigharimu.

Unajua desturi ya huku: mteja ana haki ya kwenda jikoni kusimamia nyama yake. Hakuna anayeshangaa. Mzee akainuka, akaona makaa yangu yamelala chini ya majivu, akanihurumia. Akachukua kuni tatu kavu, akazisukuma chini ya wavu, akapuliza. Kwa mbuzi, sawa. Mbuzi hana mafuta ya kutisha mtu. Lakini nguruwe ni mafuta yanayotembea! Tone la kwanza likaanguka, la pili, kisha moto ukapanda mpaka karibu na mabati.

"Sasa hiyo ndiyo moto!" Mzee akapiga kelele kwa furaha.

Nilipogeuka, mbavu za watu wote waliokuwa wakingoja zilikuwa ndani ya moto. Bwana wa simu aliacha kupima. Mtu akasema, taratibu lakini nikasikia, "Nilijua tu."

Nakuambia ukweli, nilitaka kulia. Si kwa ajili ya nyama. Niliona Jumatatu, nikaona vifuniko vya simu vikining'inia pale pale ninaposimama.

Kijana mmoja akanyanyua jagi la maji. Nikamfokea aliweke chini, maana ukimwaga maji kwenye mafuta yanayowaka unapeleka moto kwenye paa, na hata ukizimika, nyama inabaki na ladha ya jivu bichi. Wavu ule ni mzito, haubebwi na mtu mmoja. Nikamrushia Mzee kitambaa. "Shika upande huo, Mzee! Inua!" Niliamrisha mtu wa rika la babu yangu, mgeni, mbele ya shemeji yake. Naye akashika. Tukauinua, tukauweka juu ya mawe. Nikatoa kuni zake, nikachukua sepeto, nikafunika makaa yote kwa majivu mpaka yakabaki yanapumua tu.

Kisha nikakata weusi wote uliokuwa juu. Chini yake nyama ilikuwa bado mbichi, na mbichi inaokoleka. Nikaigeuza, ngozi ikaangalia chini, nikairudisha na kumwomba Mzee akae.

Hakukaa. Alisimama kando yangu, mikono nyuma, akiuliza. Kwa nini ngozi chini? Kwa nini polepole? Nikamweleza kwamba mafuta yakiyeyuka taratibu yanaipika nyama kutoka ndani, lakini ukiyakimbiza yanakuchoma wewe. Akaitikia, "Kumbe."

Watu walianza kunung'unika njaa. Wawili walishaamka waende kwa wenye mbuzi ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo mvua ya mawe ikashuka, na hakuna aliyethubutu kutoka. Mungu naye hupenda nguruwe choma.

Ilipoiva, ngozi ililia kwa kisu, kra! Nikakata kionjo cha kwanza, nikakiweka kwenye kibao mbele ya Mzee. Alitafuna. Akafumba macho, akaendelea kutafuna. Kisha akamgeukia Kibet kwa hasira kabisa.

"Umekuwa ukikula hii peke yako miaka hii yote?"

Shajara, watu walilipuka kwa kicheko! Baada ya hapo sikupumua. Nilikata, nikaongeza, nikakata tena, mpaka ikabaki mifupa, nayo Mzee akaiomba.

Anko alifika mvua ilipokatika, akichechemea. Alitazama vibao vitupu, akamtazama Mzee mwenye mafuta mpaka kwenye viwiko. Wale wawili waliotaka kukimbilia mbuzi walikuwa wakigombania kipande cha mwisho cha ngozi. Anko hakuja upande wa jiko. Alivuta benchi, akaketi na wateja.

Bwana wa simu akafuta kidevu (ndiyo, alikula, na aliongeza), akamwuliza Anko kama alete rafu zake Jumatatu asubuhi au mchana.

Anko akanyoosha goti lake, akamwambia, "Mimi ni mteja tu. Muulize mwenye kibanda."

Kila mtu akanigeukia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa siku kama hii, mengine ya kuumiza.

Nikasema, "Hapana."

Kisha nikamwuliza Anko anataka apewe mbavu au paja.