Karibu Mgeni, Simama Hapo Upigwe Foto

Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mtaro wa mbele ya nyumba umejaa hadi ukingoni, na mi nimekaa ndani na hasira yangu. Nimepika chai nikaiacha ikapoa. Nimefagia sebule ambayo haikuwa na uchafu. Sasa naandika, maana nisipoandika nitamjibu yule mtu, na nikimjibu nitamtukana, na mama yangu, Mungu amrehemu, hakunilea hivyo.

Yule mtu anajiita Raia Mwema. Simjui, na sijaona anayemjua. Yuko kwenye ukurasa mmoja wa Facebook ambapo watu wa Bujumbura tunabishana kuhusu kila kitu, na mahali pa uso wake ameweka picha ya gari. Wiki iliyopita aliniandikia: "Dada, kama hauna kitu ya kuficha, unaogopa foto ya nini?" Watu wakamchekea, yaani walinicheka mimi. Leo asubuhi amerudi tena, kawaambia wenzake kwamba nilishindwa hoja, ndiyo maana nilinyamaza.

Sikushindwa. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu lilikuwa limelala chumba cha pili, nyumbani kwangu, na mlango umefungwa kwa ufunguo.

Sasa halipo tena, kwa hiyo ninaandika. Majina nimebadilisha, na vitu vingine pia, usijisumbue kutafuta. Na mi humu najiita Zuhura, ndiyo. Lakini sijawahi kumdai mtu uso wake.

Nianze mwanzo. Kila aliyekulia hapa mjini anajua kwamba mgeni akilala kwako unamjulisha mkuu wa nyumba kumi. Jina lake, anatoka wapi, anakaa hadi lini. Hilo sijawahi kulipinga. Mzee aliyekuwa na kazi hiyo kwetu alikuwa anapita jioni, anapewa kiti, anakuuliza kidogo, anamsalimia mgeni, anaandika maneno yake mawili, anaondoka. Alijua mambo ya kila nyumba, na alikufa nayo.

Huyu kiongozi wa mtaa tuliye naye sasa ni mtu wa simu. Sitaji jina lake wala la kartiye, yaani mtaa wenyewe, wenye kujua watajua. Alipoingia tu akafungua grupu la WhatsApp, akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mgeni apigwe foto, uso wake na karangamuntu yake, kile kitambulisho, na foto itumwe humo, wote tuione. Eti sekirite, usalama. Eti ndiyo teknolojia.

Na nani wamo mle? Sisi tunaoishi hapa, sawa. Halafu watu waliohamia Kamenge na Mutakura zamani, nao wakaingizwa. Shemeji ya mtu. Muuza makaa. Na namba nyingi zisizo na jina wala picha. Siku ya kwanza niliuliza, hii namba ni ya nani, na hii, na hii? Hakuna aliyejua. Kiongozi akanijibu kwa sauti, kwa ule upole wake unaonipandisha damu: "Mama, sisi wote ni famille moja."

Mi famille yangu naijua. Haina namba zisizo na jina.

Sasa mtu mmoja akaisifu habari hiyo kwenye ule ukurasa. Akasema kuna kartiye imeanza utaratibu mzuri, serikali iuchukue, iufanye sheria mji mzima. Nikaandika. Niliandika kirefu, nikiwa dukani kwangu Bwiza, mteja anasubiri nimkatie kitenge. Niliuliza hizo foto zinakaa kwenye simu ya nani. Simu ikiibiwa sokoni, je? Nani anazifuta mgeni akiondoka? Na muuza makaa tarehe ya kuzaliwa ya mgeni wangu ataifanyia nini? Maswali ya kawaida kabisa, hata mtu anayekukodishia chumba unamuuliza zaidi ya hayo.

Wakaniita adui wa maendeleo. Mwingine akasema watu kama mimi ndio tunaficha wahalifu. Mwingine akasema bila shaka nina bwana wa mtu ndani. Laiti ningekuwa naye, pengine leo ningekuwa na mtu wa kunipokelea hasira. Halafu ndiyo akaja Raia Mwema na gari lake.

Wakati huohuo Espérance alikuwa kwangu.

Espérance nilikaa naye dawati moja shuleni. Aliolewa na fundi wa milango ya chuma, mtu anayeheshimiwa, anayesalimia kila mtu njiani, na nyumbani anampiga. Mkono wake wa kushoto haunyooki tena. Familia zilikaa, vinywaji vikaletwa, wazee wakazungumza vizuri sana, wakamrudisha. Zikakaa tena, wakamrudisha tena. Mara ya mwisho hakungoja kikao. Alikuja kwangu asubuhi moja na mfuko wa plastiki, amevaa ndara za bafuni.

Alikuja kwangu kwa sababu bwana wake hanijui. Nilihama zamani, hatukuwa tunaonana, jina langu halikuwahi kutajwa kwao. Kwa ndugu zake angemfuata siku ileile. Hapa hakuna kilichomwonyesha njia. Usalama wote wa Espérance ulikuwa hapo tu, kwamba watu wachache hawakujua kitu kimoja.

Na mi sikumficha kiongozi. Hili nataka lieleweke. Nilienda mwenyewe na karangamuntu ya Espérance mkononi, nikamwambia, nina mgeni, mwanamke, nilisoma naye, huyu hapa. Akaisoma mbele na nyuma. Akanirudishia. Akasema: "Merci, mama. Sasa utume foto mu grupu."

Nikamwambia: "Apana. Umeona kwa macho yako, inatosha."

"Sheria ni ya wote, mama."

Nikaenda zangu, sikutuma. Siku zikapita, akawa ananikumbusha mle ndani mbele ya wote, kwa jina langu, na vile vipicha vyake vya mikono iliyofumbatana.

Nilikuwa narudi nyumbani, namkuta Espérance ameosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu, na amekaa mbali na dirisha. Tunakula. Halafu nachukua simu, naona Raia Mwema ameandika tena, na vidole vinaniwasha. Ningeweza kummaliza kwa sentensi moja. Unauliza naficha nini? Naficha mwanamke aliyevunjwa mkono. Ukurasa wote ungenyamaza. Niliiandika mara kadhaa, nikaifuta.

Kumshinda mtu yule kungenigharimu Espérance, na yeye kubishana nami hakukumgharimu hata kitufe cha shati.

Basi nikawa mjinga wa ukurasa. Nikakubali.

Aliyetuma foto hatimaye ni jirani yangu, Mama Nadia. Na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa, maana Mama Nadia ni mtu mwema. Mama yangu alipokuwa mgonjwa ndiye aliyekuwa anamwogesha nikiwa dukani. Nilimwambia nina mgeni, sikumwambia kwa nini. Alisikia kiongozi amenikasirikia, akaogopa nitaletewa matatizo. Akapika sombe, yale majani ya muhogo, akaja nayo kwenye bakuli lenye kifuniko, kama unavyomkaribisha mgeni wa jirani yako, mi nikiwa Bwiza. Wakazungumza. Kisha akasema: "Dada, angalia hapa kidogo." Espérance akatabasamu. Mtu akikuletea sombe, unatabasamu.

Nilikuwa napima kitambaa simu ilipoanza kulia mfululizo. Nikaona uso wa Espérance, na nyuma yake mapazia yangu, niliyoyashona kwa mikono yangu. Chini Mama Nadia ameandika: "Mugeni wa Zuhura, tumukaribishe wote." Na maua.

Wakamkaribisha. Karibu sana mama. Kaze. Ujisikie nyumbani. Mwingine akaomba Mungu ambariki. Watu wa kartiye yetu wana adabu, siwezi kuwanyima hilo. Halafu namba moja, isiyo na jina, ikaandika: "Uyu si bibi ya fundi wa milango wa kule Mutakura? Mumusalimie sana."

Nilimpigia Mama Nadia nikamwambia afute. Akafuta mara moja, hata hakuuliza sababu. Lakini kufuta ni kitu gani, ikiwa kila mtu ameshaona?

Kesho yake, kabla Espérance hajamaliza kufunga mfuko wake, bwana alifika. Shati safi, viatu vimeng'arishwa. Hakuhitaji kutafuta nyumba. Mmoja wa majirani alimsindikiza hadi kwenye geti langu, kama unavyomsaidia mgeni aliyepotea, akamwambia ni hapa.

"Bonjour, mama. Nimekuja kuchukua bibi yangu."

Nikasema hapa hakuna bibi ya mtu. Akanionyesha simu. Hakupaza sauti hata kidogo. Alikuwa na mapazia yangu mkononi mwake.

Akampigia kiongozi, na kiongozi akaja. Mtu ambaye hajawahi kuja tulipolalamika kuhusu huu mtaro, siku ile alifika haraka. Akasikiliza upande mmoja, akanigeukia: "Mama, hayo ni mambo ya nyumba yao. Fungua, aongee na bibi yake, watasikilizana."

Hapo nikapiga kelele. Nilipiga kelele kama sijawahi kupiga maishani, nikamwambia mbele ya watu wote mkono wa Espérance uko vipi, na nani aliufanya hivyo. Aibu ile yote niliyokuwa nimeilinda, niliimwaga barabarani mwenyewe, kwa sababu haikuwa na kazi tena. Watu wakatoka kwenye mageti. Bwana akaanza kutazama viatu vyake. Na nilivyokuwa natukana pale mbele, Mama Nadia alifungua ule mlango mdogo unaounganisha nyua zetu, akamshika Espérance mkono, akampitisha kwake, akamtoa barabara ya nyuma, akamtafutia teksi. Alikuwa ameelewa peke yake. Aliporudi kwangu alilia hadi akakaa chini, na sikuweza kumkasirikia, na hilo pia linaniudhi.

Ungefikiri basi, wameona, watajifunza. Jioni ileile kiongozi akaandika kwenye grupu kwamba tumeshuhudia faida ya utaratibu wetu, maana kuna mume aliyekuwa anamtafuta mkewe, na kwa njia ya grupu alijua yuko wapi. Akashukuru ushirikiano wa wakazi. Na watu, watu walewale waliotoka kwenye mageti wakanisikia, wakaweka mikono ya kupiga makofi.

Nimeyasoma maneno yale mara nyingi. Sioni hata moja la uongo ndani yake. Kila kitu kilifanya kazi kama walivyokipanga, na ndiyo sababu nataka kuvunja simu.

Nasikia huko juu wanaendelea kujadili kama utaratibu huu uchukuliwe mji mzima. Wajadili. Mi nina swali moja tu kwao, na si la teknolojia. Mkishajua sisi sote tumelala wapi, ninyi, na muuza makaa, na zile namba zisizo na jina, ni nani kati yenu atakayesimama getini?

Leo asubuhi, baada ya salamu na aya ya Biblia na dua, kiongozi ameniuliza tena mbele ya wote: "Mama Zuhura, mugeni wako alienda wapi? Mugeni akitoka pia tunapashwa kujua." Nimetazama chini ya ujumbe. Umesomwa na karibu wote. Bwana wa Espérance, kama hayumo kwa namba yake, yumo kwa namba ya mtu.

Nimejibu neno moja. Sijui.

Wanadhani nimemdanganya kiongozi. Mama Nadia mwenyewe alikuja na mwavuli kuniuliza kwa sauti ya chini, nikamwambia vilevile, na akaondoka amenuna, akidhani simwamini tena.

Lakini ni kweli, sijui. Jioni ya ile foto, tulipokaa jikoni bila taa kubwa, Espérance alisema kuna mahali anaweza kwenda, akafungua mdomo kuniambia jina, nami nikamziba kwa kiganja changu. Nilimwambia usiniambie. Usinipe namba mpya, usinitumie salamu kwa mtu. Alinitazama kama nimempiga. Najijua, nikikasirika nasema, na hawa watanikasirisha kila siku hadi niseme.

Alilala bila kuniaga vizuri, na kesho yake hapakuwa na nafasi. Mvua bado inanyesha na sijui kama alipo kuna paa. Sijui kama anaelewa kwa nini nilimziba mdomo, na sina njia ya kumweleza.