Sahani Aliyoiomba Mama

L'Esterre, Carriacou
Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mpendwa mdogo wangu Verlyn,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba baridi ya Huddersfield imeacha kuyatesa magoti yako. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Nimekuja nyumbani kisiwani kulaza jiwe la kaburi la Mama. Uliondoka hapa ukiwa mdogo, kwa hiyo vumilia mwalimu mstaafu akueleze. Jiwe huchongwa mapema, likakaa ndani ya nyumba hata miaka kumi, mpaka marehemu mwenyewe amjie mtu ndotoni na kusema yuko tayari, na ataje anachotaka. Ndipo karamu hufanywa, nayo hufanywa mara moja tu. Safari hii aliyeota ni binamu yetu Ismay, anayeishi katika nyumba ya Mama.

Karamu ilifana. Wanawake walisonga ugali uani tangu alfajiri, wanaume wakachinja mbuzi wawili. Jiwe lilitolewa sebuleni, tukainyunyizia ardhi maji na ramu, kisha tukalilaza. Chumbani kwa Mama iliandaliwa sahani yake juu ya kitambaa cheupe na mlango ukafungwa, ili ale yeye kwanza. Sahani hiyo niliiandaa mimi.

Watu walikuulizia. Niliwaambia ulialikwa, ukakataa. Mzee Cosmore, mpiga ngoma, akacheka akisema kinywa chako kimezoea viazi vya Waingereza, ugali wa mamako utakukwaruza koo. Shangazi yetu mkunga, Tanti Euphemia, aliyemzalisha Mama ulipozaliwa, hakucheka. Alisema, “Mwacheni. Anayemnyima mamake sahani, hata mvua itampita.” Nilikuwa nimesimama pale na bakuli mkononi. Niliendelea kula.

Unajua ngoma zetu: mtu akikosea, hutungiwa wimbo palepale. Cosmore alikutungia wako. “Verlyn ee, Mama ana njaa! Mkono una pete, chungu hakina moto!” Wakaucheza mpaka jua likazama. Jana watoto walipita dirishani wakitoka shule, wanauimba. Wale watoto hawajawahi kukuona.

Verlyn, hukualikwa. Mwezi wa Januari Ismay aliniandikia barua ya sisi sote wawili, kwa kuwa tangu ugomvi wako na ndugu wa hapa kwenye mazishi ya Mama, habari za huku zinakufikia kupitia kwangu tu. Aliandika kwamba Mama alikuja amevaa gauni lake la buluu, akasema, “Sahani yangu aiandae Verlyn.” Mimi hakunitaja. Mimi kifungua mimba, niliyekuja kila baada ya miaka mitatu kupalilia kaburi lake! Niliisoma barua ile mara nne, kisha nikaichoma kwenye sinki la jikoni. Ismay nilimjibu kwamba nimekuambia na umesema huna nafasi ya mambo ya wafu.

Jana, baada ya wale watoto kupita, nilimwambia Ismay ukweli. Tulikuwa mezani. Hakupiga kelele. Aliichukua sahani yangu kabla sijamaliza, akawamwagia kuku, akaniambia, “Kaka Ezekiel, meli inaondoka Jumatatu.” Leo asubuhi nilikwenda kwa Tanti Euphemia, naye akanijibu kwamba jiwe halilazwi mara mbili. Cosmore ameahidi hataupiga wimbo ule tena. Lakini watoto nani atawanyamazisha?

Sitakuomba msamaha, maana nitakuwa nakuongezea kazi ya kunisamehe. Anwani ya Ismay, ambayo miaka yote hii nilikunyima, iko nyuma ya bahasha. Mwandikie yeye. Usijilazimishe kunijibu mimi kwa sababu tu ni mkubwa wako.

Wasalimie wanao, na uwaeleze mambo haya kama yalivyo. Ismay anakusalimu, hilo ndilo neno pekee aliloniambia leo.

Ni mimi kaka yako,
Ezekiel