Mruko Ulioondolewa

Mpendwa Baba,

Sasa naketi kwenye meza ya majaji wa mashindano ya kuteleza. Jumamosi iliyopita, katika uwanja wetu uleule wa barafu, msichana mmoja aliteleza kwa uzuri hadi watu wakanyamaza, lakini miruko yake yote ilikuwa myepesi. Nilimpa alama za juu za usanii. Kwenye miruko sikuwa na kikubwa cha kumhesabia, akawa wa nne. Baba yake alinikodolea macho kama ulivyowakodolea majaji wangu.

Unaikumbuka siku ile? Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Wiki mbili kabla nilianguka nikagonga kichwa nikijaribu mruko wa mizunguko miwili. Asubuhi ya mashindano kocha akaniambia barafu ya kona niliyopangiwa kurukia imechimbika, nizunguke mara moja tu. Nilishangaa, maana wenzangu waliruka palepale. Nikawa wa nne. Tukirudi, gari limesimama kwenye roboti pale mtaa wa Bertrams, tukingoja taa ya kijani, ukasema, "Wamekuonea. Hawana macho ya kuona uzuri." Nikakuamini. Tangu hapo kila jaji nilimwona mwizi.

Jumamosi, watu walipotawanyika, nilimuuliza kocha wangu yule, ambaye bado anafundisha pale, kuhusu barafu ile. Akakiri kwamba ilikuwa nzima. Ni wewe uliyemfuata ukamsihi auondoe mruko, na mimi nisijue.

Sikumwamini. Marehemu hajitetei, kumtwika lawama ni rahisi. Nikaenda mtaa wa Troyeville, anakoishi Mama, kumuuliza. Alikunja kanga ileile mara tatu kabla ya kujibu.

"Nilimwambia akwambie mwenyewe."

Baba, woga wako nauelewa. Nilipoanguka, hospitalini ulinishika mkono, hukuuachia hata daktari alipokuomba usogee. Lakini mle garini ulijua kwa nini alama zilipungua, ukaniacha niwachukie watu waliohesabu walichokiona. Sasa nachambua kila ulichowahi kuniambia, hata sifa zako. Je, kweli niliteleza vizuri siku ile, au nalo lilikuwa neno la kunituliza tu? Mimi ni jaji, na hilo siwezi kuliamua. Wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Mungu akulaze pema. Nikija nyumbani Tanga nitakaa kaburini kwako mpaka hasira iniishe.

Kitindamimba wako