Mashine Ilikataa Kukufuta

Mzee Haruna,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako. Usicheke. Wiki nne nzima nilikikwepa, nikawa nafanyia kazi kwenye meza ya wauguzi katikati ya maboksi ya glavu. Kumbe ulikishusha chini kiasi hiki! Sasa najua kwa nini ulikuwa ukiinuka unaguna.

Nina kosa la kukiri.

Wiki moja baada ya kukuzika, mkurugenzi wetu wa kliniki alikuja mlangoni akanipa pole kwa Kinyarwanda, "Ihangane, Solange. Lakini akaunti ya mzee iko bado wazi. Uifunge leo." Alikuwa na haki. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu akiondoka kazini mlango wake haubaki wazi, hata awe nani. Basi nikaandika amri ya kukufuta kwenye kanzidata. Mashine ikakataa. Ilijibu kwamba huwezi kufutwa, kwa sababu kuna vitu humu bado ni vyako.

Nililia, Mzee. Nililia mbele ya kioo cha kompyuta mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama nimefiwa tena.

Ungekuwepo ungesema, "Binti, mashine ikikukatalia, iulize kwa nini." Sikuuliza. Sikuwa na moyo wa kuona orodha ya vitu vyako. Niliizuia tu akaunti yako isiweze kuingia, nikazima kompyuta, nikaenda nyumbani.

Kumbe ile kazi ya kunakili rekodi zote kila siku, ulipoianzisha miaka ile, uliipa jina lako iingie nalo. Nilipokufungia wewe, nikaifungia na yenyewe. Kila siku ilijaribu, ikashindwa, na kosa likaandikwa kwenye faili ambalo wewe peke yako ulikuwa ukilisoma asubuhi na chai yako ya tangawizi. Kwa wiki tatu, rekodi mpya za chanjo za watoto wote wa hapa Rebero, na za wale wanaoletwa kutoka Kabuga, zilikuwa kwenye diski moja tu, tena kuukuu.

Na Ijumaa yetu nayo niliiacha. Ilinishinda. Unakumbuka tulivyofanya: kabla ya swala unachukua nakala ya wiki, unairudisha kwenye ile mashine ya majaribio ya chini ya meza, halafu tunamtafuta mtoto mmoja kwa jina tuone kama chanjo zake zimo zote. "Akiba haiozi," ulikuwa ukisema, "lakini ya kompyuta inaoza. Ifungue uionje." Kisha unakimbilia msikitini umeshachelewa, unaniachia sambusa ambazo mkeo alizifunga za watu wawili.

Aliyetuokoa ni huyo mkeo. Ijumaa iliyopita Mama Zaituni alinitumia sambusa na mwenye pikipiki, halafu akapiga simu. "Solange mwanangu, leo Ijumaa. Umerudisha?" Mambo ya kanzidata hayajui, lakini anajua mumewe hakuwahi kwenda kuswali kabla hajarudisha. Nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia, "Bado, mama. Ndiyo naanza."

Ndipo nikakaa kwenye kiti hiki. Nikatafuta nakala ya mwisho, nikaona tarehe yake ni ya siku niliyokufungia. Nikatoa nakala nyingine papo hapo, nikairudisha kwenye mashine ya chini ya meza, nikamtafuta mtoto aliyechanjwa asubuhi ile ile. Alikuwemo, na chanjo zake zote. Sambusa nilizila zimeshapoa, nikiomba msamaha peke yangu.

Jumatatu diski ikafa. Ilikufa kabisa, hata kuguna haikuguna. Tuliirudisha kliniki nzima kutoka nakala ile ya Ijumaa, na watoto wa Jumamosi tukawaingiza upya kutoka kwenye karatasi za wauguzi zilizokuwa hazijatupwa. Bila simu ya mkeo, leo ningekuwa nawauliza kina mama mmoja mmoja mtoto alidungwa sindano gani. Mkurugenzi nilimweleza yote, sikuficha kitu.

Leo nimeiuliza mashine lile swali nililolikimbia. Orodha yako ikaja: jedwali la watoto, ratiba ya chanjo, kazi ya nakala. Na chini kabisa, kijedwali kinachoitwa mazoezi_solange. Wale watu kumi wa kubuni niliowafuta wote siku yangu ya tatu kazini, kwa kusahau kuweka sharti la kusema yupi afutwe! Siku ile ulisema tu, "Tazama kwanza, hesabu, ndipo ufute," ukaenda zako. Kumbe uliwarudisha wote kumi, ukawatunza miaka yote hii bila kuniambia. Nakupenda sana, Mzee. Sikuwahi kukuambia.

Vitu vyako nimevihamishia kwenye jina la kliniki, si langu, maana nami iko siku nitaondoka. Kijedwali kile tu ndicho nilichokichukua mimi. Kisha nikaandika tena amri ya kukufuta.

Safari hii mashine haikubisha.

Nenda salama, Mzee wangu. Mola alijaze kaburi lako nuru. Kila Ijumaa nitarudisha nakala, nitamtafuta mtoto mmoja kwa jina, na nitampigia Mama Zaituni kabla hajaniuliza.

Kiti nimekipandisha kidogo.

Binti yako,
Solange