Kompyuta Isiwashwe

Resti mwanangu,

Ndizi za ebitoke nimeshamenya, wewe chemsha tu. Kompyuta usiiwashe kabisa.

Ile programu ya Linux uliyoweka asubuhi imesafisha kweli. Ulivyofurahi, "Tata, sasa mashine inapumua!", nilishindwa kukuambia. Imemwaga hata kapu la taka la kompyuta, na rekodi ya sauti ya marehemu mama yako ilikuwa humo. Niliiweka humo baada ya mazishi kwa sababu kuisikiliza siwezi, kuifuta siwezi. ~~Ungeniuliza kwanza.~~ Hukujua.

Nimekwenda Bukoba kwa fundi Burhani, anipe kwenye flashi programu ya kurudisha vilivyofutwa. Amesema kwa simu kwamba tukiiwasha kompyuta kabla ya hapo, vitu vipya vinaweza kuandikwa juu ya sauti, isirudi tena. Hata hivyo hakuahidi kwamba itapatikana.

Ikipatikana, sikiliza wewe. Mimi nitakaa nje.

Tata