Stroberi za Mama Yako Zisiogeshwe

Rhotia,
S.L.P. Karatu.
9 Juni 1983

Mpendwa mwanangu Marsela,

Habari za huko Njombe? Mumeo Inosenti na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea, ila baridi ya mwaka huu imeniingia magotini, na ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Unaniandikia kwamba stroberi zako zimeingiliwa na wadudu, na kwamba Inosenti ataomba dawa ya josho la ng'ombe azinyunyizie. Mwanangu, hilo ndilo kosa la wengi wetu tunaofuga: dawa ikishaua kupe, tunadhani itafaa na bustanini.

Kaka yako Josephati alifanya hivyohivyo baada ya Pasaka. Nilipomkataza alinijibu, "Mjomba, kama ng'ombe mzima anaogeshwa, sembuse jani?" Majani yakaungua, nyuki wakafa, na tuta lote la marehemu mama yako likakauka. Rafiki yetu Olais wa Endulen alipita akamwambia, "Umeshaziogesha, sasa zifungulie zikachunge." Tulicheka sote, Josephati naye, lakini mimi niliingia ndani mapema.

Kwa hiyo miche uliyoondoka nayo ulipoolewa ndiyo pekee iliyobaki ya mkono wa mama yako, dada yangu Antonia. Jioni nasimama pale nyuma ya jiko kwenye udongo mtupu, na ni kama namsikia akinifukuza nisichume mbichi.

Sasa nikueleze. Hao wadudu wa kijani ni vidukari. Hujificha chini ya jani wakinyonya maji yake. Ukiona sisimizi wanapanda shina, wafuate, watakuonyesha walipo, maana hupenda utamu unaotoka kwa vidukari na huwalinda. Yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi usimuue, yeye huwala vidukari. Dawa ya josho haimwachi hata yeye, na sumu yake hubaki kwenye tunda watakalokula watoto. Tandaza mabua makavu ya ngano chini ya matunda yasiguse udongo. Wengine huwaosha kwa maji ya sabuni, ila sabuni najua haionekani madukani. Maji safi na vidole vinatosha kuwaondoa.

Mke wangu Evarista anakusalimu sana. Josephati anaomba mche mmoja mkija Krismasi, ila anaona haya kukuandikia. Mimi naomba nikuone wewe kwanza. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Mungu awafunike nyote. Leo hii, kabla jua halijazama, geuza kila jani uoshe upande wake wa chini.

Ni mimi mjomba wako, ninayekukumbuka kila siku,
Raphaeli Tluway